Kipimo Nilichokifanya Kabla ya Samaki

Vijana waliponiaga kazini walinipa saa ya ukutani, doti mbili za kanga na hotuba tatu. Hotuba zote zilisema mimi ni mtaalamu aliyebobea. Hakuna hata moja iliyotaja kitu nilichokifanya. Halafu Godlisten, yule anayeshughulikia mitandao pale ofisini, akanifuata na sahani yake ya pilau. "Mama Eli, utuandikie basi, hasa habari za kuchagua mashine. Sisi siku hizi tunaangalia tu kwenye intaneti ipi imesifiwa." Imesifiwa! Nusura nimmwagie pilau yake. Miaka yote ile nimepiga kelele mpaka koo limekauka, na bado mtoto wa watu anachagua prosesa, ubongo wenyewe wa mashine, kwa sifa.

Haya, naandika. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye faili langu, kama panya hawajalimaliza. Mimi nitasema habari za umeme, za majarida yenye nyota tano, na za jokofu moja la chanjo kule ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Hilo la jokofu sijawahi kulisema lote mbele yenu. Mlikuwa mnanisikia nikifoka tu mtu akiniletea karatasi ya sifa, mkadhani ni uzee.

Nilifika Karatu katikati ya miaka ya tisini nikitokea Machame, na cheti cha ufundi redio na kozi ya miezi sita ya kompyuta niliyosomea Arusha. Nilipanga nusu ya chumba barabara kuu, pembeni ya gereji. Siku ya kwanza aliingia bwana mmoja kabeba boksi lake kifuani. "Fundi yupo?" Nikamwambia ndiye mimi. "Hapana, mama, namaanisha fundi mwenyewe." Nikamwambia fundi mwenyewe ametoka, akae amsubiri. Akakaa. Nikafungua mashine yake mbele yake, nikakuta vumbi jekundu limejaa kwenye feni mpaka halizunguki, na juu ya prosesa kuna mjusi amekauka kama ng'onda. Bwana yule akachungulia. "Huyo naye ni sehemu ya kompyuta?" Nikasema ndiyo, lakini ni ya toleo la zamani. Alipoondoka mashine ilikuwa inawaka, na bado akaniambia nimsalimie fundi.

Aliyenifundisha kazi hasa ni mwenye ile gereji, Mzee Rajabu, Mrangi wa Kondoa, fundi umeme wa magari. Alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache, ila hayo machache yalikuwa makali. Kompyuta hakuijua na hakutaka kuijua. Alichojua ni umeme unaotoka kwenye betri, na Karatu ya wakati ule nusu ya kazi yangu ilikuwa hiyo. Umeme wa nguzo ulikuwa wa kubahatisha, na ukishapanda kwenda kreta ya Ngorongoro haupo kabisa. Lodge zilikuwa na jenereta, zahanati na shule zilikuwa na sola, wengine walikuwa na betri ya lori na dua.

Siku moja Mzee Rajabu alichomoa mita ya ampea kwenye dashibodi ya lori bovu, akaipigilia kwenye ubao, akaifunga nyaya mbili nene zenye vibano. "Chukua," alisema. "Sindano ikilala huku, umeme unaingia kwenye betri. Ikilala huku, unatoka. Mengine yote ni hadithi." Akaniambia na sharti lake: kitu kipimwe kikifanya kazi ileile kitakayokwenda kuifanya, na mtu yuleyule atakayekitumia. Gari lililosimama kwenye kivuli, alisema, halijapimwa hata kama fundi amekaa nalo kutwa. Nilitingisha kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sasa majarida. Wageni wa utalii walikuwa wakimaliza kusoma wanayaacha vyumbani, na wahudumu wa lodge walioujua ugonjwa wangu wa kusoma wakaniwekea. Jamani, karatasi yenyewe inang'aa! Nilikaa na kamusi nikasoma kila neno. Kulikuwa na majedwali, michoro ya rangi, na mwisho nyota, moja mpaka tano. Prosesa hii imeishinda ile, hii ina kasi, hii inabana umeme. Mwanzoni niliyaamini kama Zaburi. Ilinichukua muda kuona kwamba ukurasa wa kushoto una nyota tano na ukurasa wa kulia una tangazo la prosesa ileile. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nilikuwa nakiona kibaya kikitembezwa kwa karatasi ya kung'aa nikadhani ni elimu.

Aliyenifungua macho kabisa ni meneja wa lodge moja ya pale juu kwenye mashamba ya kahawa. Kabla ya kuagiza mashine ya mapokezi alinionyesha jarida: nyota tano, na sentensi imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, kwamba prosesa hiyo inafanya kazi nyingi kwa umeme mdogo kuliko mwenzake wa zamani. Akaagiza. Mashine ikafika, nzuri, nyepesi, feni inaimba. Jenereta ya lodge ilikuwa inazimwa saa nne asubuhi wageni wakishatoka kwenda kreta, na mapokezi yanabaki kwenye betri. Kwa mashine ya zamani betri zilifika jioni. Kwa hii yenye nyota, saa nane mchana kwisha, giza.

Meneja akaniita kwa hasira, kama kwamba prosesa nimeizaa mimi. "Fundi, hapa wameandika inabana umeme!"

"Wameandika wakiwa wapi, Meneja?"

"Ulaya."

"Basi irudishe Ulaya ikabane."

Hakucheka. Nikafunga mita yangu ya dashibodi, nikamketisha pembeni ya mhudumu wake wa mapokezi, nikamwambia amtazame kijana wa watu anavyofanya kazi. Anaandika jina la mgeni kwa kidole kimoja. Anasimama, anakwenda kubeba begi. Anarudi, anatafuta herufi. Simu inalia. Wale wa jarida waliipa prosesa kazi nzito, wakangoja imalize, wakapima umeme uliotumika mpaka kazi ikaisha. Yenye kasi ikamaliza mapema, ikazimwa, ikaonekana mbanaji. Hawakudanganya. Ila kompyuta ya Karatu haimalizi kazi ikazimwa. Muda mwingi inamsubiri mtu, na ile mpya hata katika kusubiri ilikuwa inakula kama iko kazini. Ni kama magari ya watalii yanayounguruma pale getini dereva amekwenda kulipia. Nani atakwambia hilo gari linabana mafuta kwa sababu likiwa limejaa mlimani linakwenda vizuri?

Meneja akauliza kwa nini jarida halikuandika hivyo. Nimeulizwa swali hilo na wakuu wa shule, makarani, mapadri na wenye maduka, wote wameshika karatasi, wote wamekwishanunua. Wananunua kwanza, ndipo wanamwita fundi aje aamini pamoja nao. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia, wote wanaijua methali hiyo, na wote nyumbani wana gunia.

Kwa hiyo nikaanza kupima mwenyewe. Nilikuwa na betri moja ya lori, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ile mita na daftari. Mashine yoyote iliyopita dukani niliiwasha kwenye betri, nikaandika sindano inasimama wapi ikingoja, wapi ikiandika, wapi ikichapa, na baada ya saa ngapi inveta inaanza kulia. Habari zikaenea. Watu wakaanza kuja kutoka Mbulu na hata Mto wa Mbu kuuliza, "Mama Eli amesema ipi?" Nilivimba kichwa, sifichi. Nilikuwa najaza fomu ndogo, napiga mhuri wangu, mtu anaondoka nayo kama ameshika hati ya shamba. Mzee Rajabu aliuona mhuri akauliza wa nini. Nikamwambia wateja wanaupenda. "Hata wa jarida wanapenda nyota," alisema, akarudi chini ya gari.

Ndipo ikaja habari ya zahanati.

Ilikuwa zahanati ndogo, ndani ya hifadhi, ukishavuka ukingo wa kreta na kushuka upande wa kwenda Endulen. Jina lake nitaliacha, imeshabadilika sana. Aliyeiongoza ni Nesi Paulina, Mmbulu mwembamba aliyekaa na Wamaasai miaka mingi mpaka anawagombeza kwa Kimaasai. Alikuwa na jokofu la chanjo linalotumia sola. Kina mama walitembea kutoka maboma ya mbali, wengine tangu alfajiri, na mtoto mgongoni, kwa ajili ya kilichokuwa ndani ya lile jokofu. Chanjo zenyewe zilipandishwa kutoka wilayani kwenye masanduku ya barafu, na gari lisipokuja, hakuna.

Wafadhili wao walitaka ripoti za kila mwezi kwenye diski, wakaleta kompyuta. Sola ya kompyuta hawakuleta. Ilitakiwa ile kompyuta inywe kwenye betri zilezile za jokofu. Nilipoambiwa nilishika kichwa. Niliwaandikia kwamba jokofu la chanjo halichangii betri na kitu kingine chochote, liwe na zake peke yake. Wakajibu bajeti ya sola ni mwaka unaofuata, ripoti ni mwezi huu, na bila ripoti hakuna mafuta ya gari la chanjo. Mnaona wenyewe. Mtu amekaa mezani mahali penye umeme wa ukutani, anaamua.

Nesi Paulina alishuka Karatu na ile barua. Alikaa kwenye kigoda changu, mkoba mapajani. "Fundi, mimi sijui prosesa wala nini. Nataka jibu moja. Nikiiweka hiyo mashine, jokofu langu litabaki na baridi?"

Nikamwambia anipe wiki mbili.

Kazi niliifanya, Mungu shahidi. Mashine waliyoileta ilikuwa na prosesa ya nyota tano, binamu wa ile ya lodge. Niliikataa. Nikaibadilisha na mtu wa Arusha kwa mashine ya zamani, yenye prosesa ambayo jarida moja liliiita ya kizazi kilichopita, lakini ikiwa inangoja, sindano yangu ilisogea kidogo tu. Nikairekebisha ile monita ya chogo ijizime isipoguswa kwa dakika tano, maana monita zile zilikuwa zinakula kuliko boksi lenyewe. Nikamwita Lazaro, karani wa zahanati, ashuke mwenyewe aje aandike mbele yangu, kwa kasi yake. Lazaro alikuwa mzee wa kanisa, mtu mzima, miwani imefungwa uzi, mtiifu kupita kiasi. Akaandika, akapumzika, akaandika. Nikapima siku tatu. Nikahesabu jua la hifadhini, nikapunguza siku za ukungu. Hesabu ikakaa. Saa sita kwa siku, si zaidi, na jokofu halitaguswa.

Nikapanda nayo, nikaifunga, nikaandika karatasi kwa herufi kubwa: MASHINE HII IWASHWE SAA SITA TU KWA SIKU. Nikapiga mhuri, nikaibandika ukutani. Nesi Paulina akasoma mara mbili.

"Litabaki na baridi?"

"Litabaki, Nesi."

Nikaanza kukusanya vyombo vyangu. Lazaro akasimama mlangoni, anatabasamu. "Fundi, sasa nyongeza iko wapi?"

Nyie mnajua nyongeza. Ukinunua nyanya sokoni Karatu, mama anakuongezea mbili. Ukinunua kitambaa, anakuongezea shubiri. Mtu asiyetoa nyongeza ana roho mbaya, basi. Nilipekua begi langu nikakuta diski yenye skrini seva ya samaki, zile picha zinazojitokeza kwenye kioo mashine isipoguswa, niliyopewa na mgeni mmoja lodge. Nikaiweka. Kioo kikawa maji ya buluu, samaki wa njano na wa mistari wanapita polepole, mapovu yanapanda. Lo, kile chumba! Kina mama waliokuwa kwenye benchi wakainuka wote na watoto wao. Wamaasai wale samaki hawali, wengine walikuwa hawajapata kumwona akiwa hai. Walicheka, wakaonyeshana, bibi mmoja akagusa kioo akaangalia kidole kama kimelowa. Lazaro alifurahi kuliko wote. Alisema sasa wageni wake hawatakaa wakitazama ukuta. Ili samaki wasikatike nikaondoa ule mpango wa monita kujizima. Ilichukua dakika moja. Nikashuka Karatu moyo mweupe.

Miezi ikapita. Ukungu wa katikati ya mwaka ukashuka, ule ambao ukiwa kwenye ukingo wa kreta humwoni hata aliye mbele yako. Siku moja dereva wa zahanati akaniletea kikaratasi cha Nesi Paulina. Kiliandikwa maneno sita: "Fundi, jokofu lako limekufa. Njoo. Paulina." Lako, aliandika.

Nilimkuta nje anachoma takataka za chanjo kwenye shimo. Alikuwa amekwenda msibani kwao Mbulu siku nne. Aliporudi, kipimajoto cha jokofu kilikuwa kimepanda mbali, chupa zote haziaminiki. Siku ileile kina mama wakaja, kama walivyoambiwa, akawarudisha mmoja mmoja. Dereva akanitania kunituliza, akasema lakini hapa kwenyewe baridi, si kama jokofu tu? Nesi akamgeukia: "Baridi ya kuvaa shuka na baridi ya chanjo ni kitu kimoja? Kwenda huko!" Kisha akanitazama mimi. "Ulisema litabaki."

Hapa ndipo nawaombeni msome vizuri. Sikufikiri hata mara moja kwamba karatasi yangu imekosea. Nilikuwa nimepima siku tatu! Nilimkabili Lazaro. Umeiacha mashine ikiwaka kutwa? Akasema, "Fundi, saa sita. Naangalia saa. Karatasi imesema." Nikamkaripia mbele za watu nikamwambia haiwezekani. Mzee wa watu akainamisha kichwa. Betri zilikuwa zimekauka kabisa, kompyuta haikuwaka, kwa hiyo sikuona kitu. Nikalaumu ukungu. Nikalaumu betri, nikasema aliyeziuza ni mwizi. Nikaamuru kompyuta isiguswe, nikashuka kutafuta betri nyingine.

Mzee Rajabu alinisikiliza huku anafuta mikono.

"Baada ya kupima, ulibadilisha nini?"

"Hakuna."

"Fikiri."

"Hakuna, Mzee! Nimekwambia nilipima kila kitu."

Akanigeuzia mgongo, akachukua spana. Nami nikakasirika. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimeshaona makundu ya majarida yote ya Ulaya.

Betri zilichelewa. Mvua zisizo za msimu zikaharibu barabara ya kule ndani, gari la chanjo likakwama, likarudi. Katikati ya kungoja huko, surua ikaingia kwenye maboma. Nilisikia habari sokoni kutoka kwa wauza ng'ombe. Sikuuliza ni maboma yapi. Nilijua pa kuuliza, sikuuliza.

Nilipopanda na betri mpya ilikuwa siku ya kliniki. Benchi limejaa. Nesi Paulina alinisalimia kwa neno moja akaendelea kupima uzito wa watoto. Nikafunga betri, nikaweka mita yangu katikati, jokofu likaanza kuguruma, sindano ikakaa pale nilipotegemea. Nikawasha kompyuta. Sindano ikasogea, sawa, kama daftari langu lilivyosema. Nikakaa nyuma nikangoja monita ijizime, nionyeshe watu kwamba mimi sikukosea.

Baada ya dakika tano wakatokea samaki.

Sindano ilipanda mbele ya macho yangu. Prosesa yangu mpole, niliyoichagua kwa sababu inajua kusubiri, ilikuwa imepewa kazi ya kuchora mapovu, tena bila kupumzika, na monita inawaka muda wote. Sindano ikaganda mahali ambapo katika siku zangu tatu haikufika hata kwa bahati mbaya. Ilikuwa inaelekea kuwa mara mbili ya kipimo changu. Saa sita kwa siku, kila siku, Jumapili baada ya ibada pia, kwa kufuata karatasi yenye mhuri wangu. Lazaro hakukosea hata dakika.

Nilipima mashine moja nikawaachia nyingine. Wale wa Ulaya niliowatukana miaka yote angalau hawakumtazama Nesi Paulina machoni wakamwambia litabaki.

Nilimwita Lazaro, nikamwomba msamaha kwa sauti, mbele ya walewale niliomkaripia mbele yao. Akasema, "Hamna neno, Fundi," na nikaona kwamba lilikuwepo. Kisha nikamwambia Nesi Paulina. Alikuwa ameshika mizani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ni samaki?" Nikasema ni samaki. Akarudia tena, kwa sauti ya chini, halafu akakaa.

Nikarudi kwenye meza, nikaweka mkono kwenye kipanya ili niwafute. Kina mama wakaguna. Mmoja, aliyekaa mbele, akaniambia kitu. Jina lake Naserian. Nilimsalimu, "Takwenya," akaitikia, "Iko." Alikuwa amepakata mtoto wa mwaka mmoja hivi, ana makovu yanayopauka usoni, na jicho la kushoto limeingia ukungu mweupe, kote.

"Anasema usiwatoe," Nesi Paulina alitafsiri. "Anasema tangu surua imwache, hajui kama hilo jicho la pili linaona vizuri. Akimwonyesha kitu nyumbani mtoto hageuki. Leo samaki wakipita, amegeuka."

Nilimtazama yule mtoto. Samaki wa njano alikuwa anakwenda kulia, na kichwa chake kidogo kinamfuata.

Nikamwuliza Nesi kama walikuwa miongoni mwa wale waliorudishwa. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Sikuweza kuondoka bila kusema. Nilimwambia Naserian kwamba baridi ya chanjo iliisha kwa sababu ya hii mashine, na mashine iliimaliza kwa sababu ya hawa samaki, na samaki niliwaweka mimi, baada ya kupima. Nikamwomba Nesi atafsiri yote, asipunguze. Alitafsiri polepole.

Naserian aliuliza swali moja. "Wewe ndiye uliyesema litakuwa na baridi?"

"Ni mimi."

Hakulia wala hakunitukana, na ningependa kusema alinisamehe, lakini hakusema hivyo. Alimgeuza mtoto vizuri mapajani, uso uelekee kwenye kioo, akamshika kidevu kwa vidole viwili.

"Basi ngoja," alisema, kwa Kiswahili chake mwenyewe. "Amalize kuangalia."

Nikaondoa mkono kwenye kipanya, nikangoja.